Sataranji, Ulinzi wa Alekhine: katikati pamejaa askari wa mweupe, nifanyeje?

Ndugu, umesema kila ukicheza Ulinzi wa Alekhine na weusi (mweupe akianza na askari e4, unajibu kwa farasi f6), mpinzani anapanga askari wanne kwenye vyumba c4, d4, e5 na f4 (herufi ni safu wima, namba ni mstari), nawe unakosa hewa. Nakuelewa kabisa, nami yamenikuta.

Tatizo ni kungoja. Mchezaji Alexander Alekhine mwenyewe, alipoutumia Budapest mwaka 1921, hakuwa akimzawadia mweupe katikati; ulinzi huu humwita asogee, kisha askari wake wageuke mzigo wa kulindwa. Kwa hiyo baada ya 5.f4 (hatua ya tano, mweupe akisogeza askari f4) kula askari wa e5 mara moja, toa farasi c6, na askofu atoke f5 KABLA hujasogeza askari e6. Ukitanguliza e6, askofu huyo amefungiwa ndani. Kisha askofu mwingine e7, kisha mfiche mfalme kwa kubadilishana nafasi na ngome.

Sasa hatua niipendayo: askari f6! Katika mchezo mmoja wa klabu mweupe alimla askari huyo wa f6, nami nikala kwa askofu. Tazama d4: farasi wa c6, askofu wa f6 na malkia wa d8, wote wanamkodolea askari mmoja. Alimlinda hadi vipande vyake vikakosa kazi nyingine, askari huyo akaanguka, nikashinda.

Hatari ni mweupe kusogeza askari wake d5 katika hatua ya 10. Hapo usibahatishe: kula, mpeleke farasi b4, na njia hiyo uipitie kwanza na kocha au kompyuta. Kosa moja tu hapo, mfalme wako yuko uchi.