Kabla hujamwita mtu «eminent»

Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya Kiingereza ya watu ambao lugha yao ni Kiswahili: wasifu, barua za mapendekezo, hotuba za kumkaribisha mgeni rasmi. Humo hakuna sifa inayomwagwa ovyo kama eminent (mashuhuri kati ya wenzake wa fani), pamoja na nomino yake, eminence. Msomi aliyestaafu anaitwa hivyo, mfanyabiashara anaitwa hivyo, na msanii aliyeanza kuvuma juzi anaitwa hivyohivyo. Kabla sijaliacha au kulifuta, huwa najiuliza: huyu mtu ameinuliwa na nani?

Swali hilo linatoka kwenye asili ya neno lenyewe. Kitenzi cha Kilatini eminere ni kuchomoza, kusimama juu ya vilivyo jirani. Ndiyo maana katika vitabu vya Kiingereza vya zamani kidogo utasoma kuhusu nyumba iliyojengwa juu ya eminence, yaani kwenye mwinuko wa ardhi. Madaktari nao wanaita thenar eminence ile sehemu ya kiganja iliyotuna chini ya kidole gumba. Kwa binadamu, eminence ni kuchomoza kati ya wenzako wa fani, na wanaokupa kimo hicho ni wenzako hao, baada ya kuipima kazi yako kwa muda mrefu.

Hapo ndipo linapoachana na fame. Mchezaji chipukizi anaweza kujulikana dunia nzima kwa goli la usiku mmoja, na hiyo ni fame tupu. Daktari bingwa wa macho anaweza kupita sokoni asitambuliwe na mtu, ilhali madaktari wa macho wa nchi nyingi wanafundishia maandishi yake. Huyo ndiye eminent. Prominence nayo ni kuonekana, na mara nyingi huja na kiti: waziri anaipata siku anapoteuliwa na anaweza kuipoteza siku anapoondolewa. Notoriety iepuke kabisa unapomsifu mtu, maana ni kujulikana kwa ubaya.

Mfano ninaopenda kuutoa ni wa Kenya. Mwanzoni mwa 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Umoja wa Afrika ulipeleka jopo la wasuluhishi, na kwa Kiingereza liliitwa Panel of Eminent African Personalities. Walikuwamo Kofi Annan, Benjamin Mkapa na Graça Machel. Annan alikuwa ameshaondoka Umoja wa Mataifa, Mkapa alikuwa ameshatoka Ikulu, na Machel alikuwa ameacha uwaziri wa elimu wa Msumbiji miaka mingi nyuma. Vyeo vyao vilikuwa vimekwisha, lakini pande mbili zilizohasimiana ziliketi zikawasikiliza. Kwa Kiswahili, «watu mashuhuri» inatosha kwa jina rasmi kama hilo. Ukiwa unaandika kuhusu fani moja, mimi ningechagua «aliyebobea», «nguli» au «gwiji», kwa sababu «maarufu» inakurudisha kwenye fame.

Kanisani mambo ni mengine. Tangu 1630, enzi za Papa Urbano VIII, Eminence ni jina la heshima la makardinali. Ukizungumza naye ni Your Eminence, ukimtaja ni His Eminence, na herufi ya kwanza huwa kubwa. Kwa Kiswahili tayari tuna Mwadhama, kwa hiyo usihangaike kuunda tafsiri mpya. Mhashamu mwachie askofu.

Kuna msemo mmoja wa hatari kweli. Nimewahi kuletewa hotuba ambamo mzee mmoja mstaafu aliitwa grey eminence, mwandishi akikusudia kuheshimu mvi zake. Msemo huo ulitoka Ufaransa, ambako mtawa Mkapuchini aliyeitwa Père Joseph alikuwa mshauri wa siri wa Kardinali Richelieu, waziri mkuu wa mfalme. Mtawa huyo hakuwa kardinali, ila alikuwa na nguvu kubwa nyuma ya pazia. Mpaka leo, ukimwita mtu hivyo unasema kwamba anaendesha mambo bila kuwa na cheo cha kuyaendesha. Mgeni wako hatafurahi.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ya yote ni la tahajia: eminent danger. Hatari haina umashuhuri. Hatari iliyo karibu kutokea ni imminent. Kompyuta huenda isikuonye, kwa sababu maneno yote mawili ni sahihi. Sisi tuna bahati kwamba e na i zetu hazichanganyiki: tamka la kwanza kwa e ya «embe» na la pili kwa i ya «imani», nawe utaandika unachokisikia. Na ukikuta eminent domain kwenye sheria za Marekani, hapo hasifiwi mtu. Ni mamlaka ya serikali kutwaa mali binafsi kwa matumizi ya umma na kulipa fidia.

Kisarufi, sema a scientist of great eminence, au she rose to eminence, bila kutanguliza an, kwani an eminence kwa kawaida humpeleka msomaji kwenye kile kilima. Eminently ina maana ya «mno» na hupenda kuandamana na sifa njema: eminently qualified, eminently readable.

Kwenye wasifu wako mwenyewe usiliandike kamwe, kwa kuwa wanaolitoa ni wengine. Ukimwandikia mtu mwingine, anza na aliyoyafanya: kitabu alichoandika, wanafunzi aliowalea, ugonjwa aliotafutia tiba. Ukishayaweka hayo na bado unaona eminent inamstahili, iandike mara moja, pale unapotaja fani yake.