Daftari la Wakala na Njia Yangu ya Uzamili

Vijana wanaomaliza shahada ya kwanza ya kompyuta huniuliza kama inawezekana kuunganisha teknolojia, mawasiliano na sera za umma katika shahada ya uzamili bila kuonekana mtu asiyejua anachokitafuta. Inawezekana, lakini nakushauri usianze kwa kuchagua taaluma tatu. Tafuta kwanza tatizo moja ambalo taaluma moja haiwezi kulimaliza.

Mimi langu nililikuta Manzese, Dar es Salaam, kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu. Mezani palikuwa na daftari kubwa, na kila aliyekuja kutoa pesa aliandika humo jina lake, namba ya simu, namba ya kitambulisho na kiasi alichochukua, kisha akatia sahihi, huku macho yake yakipita juu ya majina ya wote waliomtangulia tangu asubuhi. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu namna ya kulinda taarifa zilizomo ndani ya seva, na hapo taarifa zilezile zilikuwa wazi juu ya meza.

Kwanza nilitengeneza programu ya simu ya kuchukua nafasi ya daftari. Ilinichukua miezi mingi, na mawakala wakaiacha ndani ya wiki chache kwa sababu foleni ikishakuwa ndefu, kalamu huenda haraka zaidi. Hapo ndipo nilipokubali kusoma mawasiliano kwa dhati.

Sehemu hiyo ndiyo iliyonifundisha zaidi. Nilipowauliza wateja kama faragha yao inalindwa, wengi walijibu kwamba hawana cha kuficha, kwa kuwa neno hilo walilisikia kama siri, na mwenye siri hudhaniwa ana jambo baya. Nilipobadili swali na kuuliza ni nani mwingine mwenye namba yako ya simu, maelezo yalimiminika: akina dada waliopigiwa na wanaume wasiowajua jioni ileile waliyotoa pesa, na wazee waliopokea ujumbe wa «ile pesa tuma kwenye namba hii». Ukiwa mtafiti, lijaribu swali lako kwa watu kumi kabla ya kuchapa dodoso, tena kwa Kiswahili wanachokisema wao.

Kuhusu sera, soma sheria yenyewe, si muhtasari wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu mkusanyaji wa taarifa, yaani anayeamua zichukuliwe kwa lengo gani na kwa njia gani, na mchakataji, anayezishughulikia kwa niaba yake, na swali langu likawa: katika kibanda kile, mkusanyaji ni nani, wakala au kampuni ya simu? Elewa pia kwamba sheria hutungwa na Bunge ilhali kanuni hutungwa na waziri, kwa sababu pendekezo linaloishia kwa kusema «serikali ichukue hatua» halina anayelipokea. Muswada unapofika kwenye kamati ya Bunge, wadau hukaribishwa kutoa maoni. Andaa kurasa mbili za Kiswahili chepesi, zitakazosomeka kuliko tasnifu yako.

Omba wasimamizi wawili mapema, na uwakutanishe katika chumba kimoja. Wangu walinivuta huku na huku kwa muda mrefu, mmoja akidai mfumo na mwingine nadharia, hadi nilipowapelekea wote wawili picha ya ukurasa mmoja wa daftari, majina yakiwa yamefutwa.

Pendekezo langu la mwisho lilitoka kwa wakala mwenyewe. Nilipomrudia na kumsimulia niliyoyasikia, alichukua boksi tupu la sabuni, akakata kipande cha kufunika ukurasa, akatoboa upenyo unaotosha mstari mmoja. «Kaka, mteja aandike hapa, wengine hawaoni,» akasema, akakisogeza chini kwa ajili ya aliyefuata.