Hukumu ya kuasili imekosewa herufi: turudi nyumbani au tubaki?

Swali: Habari za kazi, wakili. Mimi na mume wangu tuko nchi ya kigeni tukikamilisha kumuasili binti wa miaka miwili. Mahakama ya huku imeshatoa hukumu, na nchi zote mbili ni wanachama wa Mkataba wa Hague wa kuasili. Jana usiku tumegundua jina la mume wangu limeandikwa Josef, wakati pasipoti yake inasema Joseph. Anayetusaidia anasema tuondoke tu Ijumaa, apostili, yaani cheti cha kuthibitisha saini na muhuri wa hati ili ikubalike nchi nyingine, tutapata kwenye ubalozi wetu na jina litarekebishwa tukishafika nyumbani. Ni sawa?

Jibu: Dada yangu, hongereni sana kwa kumpata binti. Ila msiondoke Ijumaa.

Hukumu hurekebishwa na mahakama iliyoitoa. Mkiwa bado huko, kosa la uandishi kama hili kwa kawaida huombewa marekebisho kwa maombi mafupi, mkiambatisha kopi ya pasipoti. Mkishaondoka, itabidi mumpe mtu hati ya uwakilishi, hati hiyo ithibitishwe kwenu, itafsiriwe, isafirishwe, ndipo maombi yaingie mahakamani. Kazi ya siku chache inakuwa ya miezi, na muda wote huo binti yenu ana karatasi inayomtaja baba ambaye jina lake halifanani na la pasipoti.

Mkipewa hukumu iliyosahihishwa, ikagueni hapo hapo masijala kabla hamjatoka mlangoni. Mmoja asome, mwingine ashike pasipoti: majina, tarehe za kuzaliwa, jina la mtoto la awali na la sasa. Mimi huweka rula chini ya kila mstari na kusoma herufi moja moja, kwa sababu mtu akishalizoea jina lake hulisoma lilivyo kichwani, halioni lilivyo kwenye karatasi. Mwulizeni karani pia kama muda wa rufaa umekwisha na kama mahakama hutoa hati ya kuthibitisha hivyo. Chukueni nakala kadhaa zilizothibitishwa, maana ofisi nyingine hubaki na ile mnayowapa.

Kuna karatasi ambayo hukuitaja, nayo inanitia wasiwasi kuliko hiyo herufi: cheti cha Kifungu cha 23. Chini ya Mkataba wa Hague wa 29 Mei 1993, cheti hiki ndicho kinachofanya uasili utambuliwe katika nchi nyingine wanachama bila kufungua kesi upya. Hutolewa na mamlaka husika ya nchi mlikoasilia, na lazima kitaje ni lini na nani alitoa makubaliano kwamba uasili uendelee, kwa upande wa nchi zote mbili. Wazazi wengi huondoka na hukumu peke yake wakidhani imetosha. Kiombeni, na kama tayari kimetoka na jina Josef, nacho kitolewe upya.

Kuhusu apostili, aliyewashauri amechanganya mambo. Apostili inatokana na mkataba mwingine wa Hague, wa tarehe 5 Oktoba 1961, na nchi inaweza kuwa kwenye mmoja isiwe kwenye mwingine. Kwa hiyo hakikisheni kwanza kwamba nchi zote mbili zimo kwenye huo wa 1961. Zikiwemo, apostili hutolewa na mamlaka ya nchi ilikotoka hati, yaani huko mliko, na ubalozi wenu hauna uwezo huo. Ikiwa mojawapo haimo, ndipo ubalozi unapoingia: hati hupita wizara ya mambo ya nje ya huko, kisha ubalozi wenu unaweka muhuri wake.

Apostili yenyewe ni kisanduku chenye vipengele 10 vilivyopewa namba, na kichwa chake ni cha Kifaransa. Inathibitisha saini, cheo cha aliyesaini na muhuri, basi. Haisemi lolote kuhusu ukweli wa yaliyoandikwa, kwa hiyo Josef akipigiwa apostili anabaki Josef. Ndiyo maana marekebisho yatangulie, apostili ifuate, tafsiri ije mwisho, ili na maneno ya apostili yatafsiriwe. Kabla ya kulipia tafsiri, ulizeni ofisi ya kwenu inamtambua mtafsiri gani.

Hati ikishabanwa na apostili yake, msiifungue. Niliwahi kupokea wazazi waliotoa pini ili wapate kopi safi, wakairudisha vizuri kabisa. Ofisa aliinua karatasi kwenye mwanga, akaona matundu manne badala ya mawili, akaikataa. Mama yule alilia pale dirishani, na karatasi ilibidi irudi ilikotoka. Kopi inapigwa kwa kukunja kona tu, hata ikitoka na kivuli.

Mwisho, cheti cha kuzaliwa cha awali. Ukiletewa kipya chenye majina yenu, usikubali cha zamani kipotee. Omba nakala iliyothibitishwa kama sheria ya huko inaruhusu. Kadi yake ya chanjo na rekodi za hospitali zina jina lile la kwanza, na ofisa wa viza anaweza kutaka kuona kwamba ni mtoto yule yule. Viwekeni pamoja na hukumu kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo unaoingia chini ya ndege.