Tangi la kupozea maziwa: pigeni hesabu ya kiangazi

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Sisi ni kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huku Muheza. Mchuuzi anatulipa shilingi 900 kwa lita. Kiwanda kitalipa 1,150 yakiwa yamepozwa, na gari lao litayafuata kila baada ya siku mbili. Kiangazi tunapata lita 300 kwa siku, masika 700. Tukikopa tangi la lita 1,000, marejesho, mhudumu, mlinzi na pango ni shilingi 1,800,000 kwa mwezi. Je, umeme hautatumaliza?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Umeme usiwanyime usingizi. Kushusha lita 300 kutoka nyuzi joto 35 hadi 4 kunakula kama uniti 4 hadi 6 za Luku. Hata uniti ikiwa shilingi 350, hamfiki shilingi 10 kwa lita. Jenereta ndiyo ghali, kwa hiyo ulizeni kwanza umeme wa hapo hukatika mara ngapi.

Kinachonitia wasiwasi ni ile 1,800,000, maana hailegei maziwa yakipungua. Tofauti ya bei ni shilingi 250. Toa 10 za umeme, inabaki 240. Gawanya: mnahitaji lita 7,500 kwa mwezi, yaani 250 kwa siku, ili tu msipate hasara. Masika mtabakiwa na zaidi ya milioni 3. Kiangazi ni shilingi 360,000 tu, tena kiangazi ndipo maziwa huadimika, bei ya mtaani hupanda na wanachama huanza kumuuzia jirani. Wafugaji watano wakipitisha lita 10 kila mmoja kwa siku pembeni, faida imekwisha.

Halafu kuna kukataliwa. Tangi la siku mbili lina lita 600. Kiwanda kikilirudisha, mmepoteza shilingi 540,000 za wafugaji hata kwa bei ya mchuuzi, nyingi kuliko faida ya mwezi mzima wa kiangazi. Dumu moja tu linatosha kuchafua yote. Ubaridi hupunguza kasi ya bakteria kuzaana, haurudishi ubora wa maziwa yaliyokwisha kuharibika. Kwa hiyo kila chombo kipimwe kabla ya kumiminwa: laktomita, kifaa cha kugundua maziwa yaliyotiwa maji, isome 1.028 hadi 1.032, na kipimo cha alkoholi kisigandishe maziwa. Mwenye ng'ombe aliyechomwa antibayotiki aseme, na siku za kutouza maziwa zilizoandikwa kwenye dawa ziheshimiwe. Madumu ya plastiki yaacheni; hayasafishiki vizuri ndani, tumieni vyombo vya alumini.

Masika, lita 700 za kila siku zikikaa siku mbili ni 1,400, haziingii kwenye tangi hilo. Kiwanda kiandike kwenye mkataba kwamba gari litakuja kila siku, na kwamba hakitapunguza kiasi wala bei maziwa yakifurika.

Mimi nisingesaini mkopo kabla wanachama hawajakubaliana jambo moja: sehemu ya faida ya masika iwekwe akiba, ilipwe kiangazi kama nyongeza kwa kila lita iliyoletwa kwenye tangi. Mkilikubali hilo kwa maandishi, kopeni.