Jibu: Chipu inajiwasha upya pampu ikianza

Mdau wa Pongwe, umeuliza kwa nini chipu inayoongoza pampu yako inajiwasha upya kila relei ya pampu (swichi inayovutwa na koili ya umeme) inaponasa, ingawa kapasita (kihifadhi kidogo cha umeme) umeweka. Kwenye picha yako kapasita iko mbali mno na chipu. Funga ya seramiki, nanofaradi 100 (imeandikwa 104), kwenye kila jozi ya miguu ya umeme ya chipu, milimita chache tu, na miguu yake uikate mifupi. Waya mrefu huchelewesha mkondo wa ghafla, volti inaporomoka kabla haujafika.

Panapoingia umeme kwenye bodi ongeza kapasita ya elektroliti ya mikrofaradi 100. Ukigeuza hasi na chanya inapasuka. Diodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) sambamba na koili ya relei usikose kuiweka, mstari wake upande wa chanya. Ukimaliza paka bodi vanishi, hewa ya chumvi ya Tanga inakula shaba.