Amesimama tu, mbona jukwaa linasema amesafiri mita 2?

Swali: Nasomea fiziotherapia hapa Nairobi. Nimeunda jukwaa la kupimia kuyumba kwa mwili: vihisi uzito vinne, kila kimoja na HX711 yake (chipu inayogeuza ishara ya kihisi kuwa namba), vipimo 80 kwa sekunde. Kijana mwenye afya akisimama sekunde 30, macho wazi, njia ya kitovu cha mgandamizo (nukta ambapo uzito wote wa mwili hukandamiza jukwaa) inazidi mita 2. Ana tatizo la msawazo?

Jibu: Tatizo liko kwenye jukwaa. Kijana wa aina hiyo huwa na kasi ya karibu sentimita 1 kwa sekunde, kwa hiyo tarajia sentimita 30 hivi. Sekunde 30 ni vipimo 2,400. Kila kimoja kikipishana na kilichotangulia kwa milimita 0.8 tu, umeshapata mita 1.9 za kelele za umeme. Urefu wa njia hujumlisha makosa yote, haufuti hata moja.

Laza mfuko wa saruji wa kilo 50 katikati ya jukwaa, urekodi sekunde 60. Mfuko hauyumbi, basi njia yoyote utakayoiona ni ya chombo chenyewe. Pimia chini, kwenye sakafu ya zege. Ghorofani kando ya barabara ya matatu, mtikisiko utaingia kwenye data. Soma HX711 zote kwa pamoja, kwa waya mmoja wa saa (unaobeba mapigo ya kuamuru usomaji), kwa sababu zikisomwa kwa zamu mwili huwa umesogea kati ya kona na kona. Kisha tumia kichujio cha Butterworth, yaani hesabu inayoondoa mitikisiko ya haraka, cha Herzi 5 (mizunguko 5 kwa sekunde), mbele halafu nyuma, ili data isichelewe. Kuyumba kwingi kuko chini ya Herzi 1, hutapoteza cha maana.

Ongeza muda pia. Wimbi la Herzi 0.1 huchukua sekunde 10, kwa hiyo sekunde 30 zinabeba matatu tu. Rekodi sekunde 60, mara tatu, nyayo zikiwa zimechorwa kwenye karatasi.

Hapo ndipo utaanza kuuliza kuhusu ubongo, na urefu wa njia peke yake hautakujibu. Mwaka 1993 watafiti Collins na De Luca walipima umbali ambao kitovu husogea kadiri muda unavyorefuka: chini ya sekunde 1 hivi huelekea kuendelea kulekule, baadaye huelekea kurudi. Walidhani ubongo huachilia mwili uyumbe kwanza, ndipo hurekebisha. Mwaka 2000 mtafiti Peterka alionyesha kwamba mfumo unaorekebisha wakati wote, kwa kuchelewa kidogo, hutoa mkunjo uleule wa umbali dhidi ya muda. Kwa hiyo usiandike kwamba mkunjo huo unathibitisha ubongo huachilia. Linganisha macho wazi na macho yamefumbwa kwa mtu yuleyule, uone ni sehemu gani ya mkunjo inabadilika.