Kwangu inajenga, kwa mwenzangu inagoma: njia za mafaili ndani ya Makefile

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina mradi mdogo wa C unaoitwa kipimo. Ndani yake kuna folda ya src, ya include, na Makefile (faili la maelekezo ambalo zana ya make hulisoma ili kujenga programu). Nikisimama kwenye folda ya mradi na kuandika make, kila kitu kinakwenda. Mwezi huu tumeuingiza kwenye mradi mkubwa wa ofisi, na Makefile ya nje inaichukua yangu kwa `include kipimo/Makefile`. Sasa napata hii:

`make: *** No rule to make target 'src/kuu.c', needed by 'kuu.o'.  Stop.`

Faili lipo, naliona kwa macho yangu. Nikaandika njia kamili inayoanza na /home na jina langu. Kwangu ikakubali, kwa mwenzangu ikakataa. Nimekosea wapi?

Jibu: Njema, ndugu yangu. Faili lipo kweli, ila make haliangalii unakoangalia wewe. Njia tegemezi (isiyoanza na `/`) kama `src/kuu.c` inahesabiwa kuanzia folda ambamo make imesimama, wala haijali Makefile iliyoandika njia hiyo imelala wapi. Na `include` haimhamishi mtu: inachukua maandishi ya Makefile yako na kuyasoma kana kwamba yaliandikwa palepale kwenye ile ya nje. Kwa hiyo make ilikuwa imesimama kwenye mradi mkubwa, ikatafuta folda ya src hapo, haikuiona, ikakata tamaa.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba kompaila, yaani gcc, ina desturi nyingine. Ukiandika `#include "pima.h"` kwa alama za kunukuu, gcc huanza kutafuta ndani ya folda ya faili lenyewe lenye mstari huo. Mtu akishazoea hilo anadhani make nayo ni hivyo. Siyo. Hata `-Iinclude`, inayoiambia gcc folda ya kutafutia mafaili ya `.h`, inahesabiwa kuanzia pale gcc ilipoitwa.

Dawa nyepesi kabisa ni Makefile ya nje kuacha `include` na kuita hivi:

```
kipimo:
	$(MAKE) -C kipimo

.PHONY: kipimo
```

Herufi `-C` inaiambia make iingie kwanza ndani ya folda hiyo ndipo isome Makefile, hivyo njia zako za zamani zinabaki sahihi bila kuguswa. Andika `$(MAKE)`, usiandike make tupu, ili vitu kama `-j` (kuendesha kazi kadhaa kwa pamoja) vipite hadi ndani. Na ile `.PHONY`, inayosema kwamba kipimo hapa ni jina tu la kazi na si faili, usiisahau, maana folda yenye jina kipimo ipo tayari na make itakujibu kwamba hakuna cha kufanya.

Hasara yake ni kwamba make ya nje haioni mahitaji ya ndani, yaani mafaili ambayo vitu vya ndani vinajengwa kutokana nayo. Ukigusa heda (faili la `.h`) moja inayotumiwa na pande zote mbili, ni rahisi upande mmoja ubaki umechakaa. Kama ndiyo sababu ofisi yenu ilichagua `include`, msiiache. Mpe Makefile yako nanga:

```
KIPIMO := $(dir $(lastword $(MAKEFILE_LIST)))

$(KIPIMO)kuu.o: $(KIPIMO)src/kuu.c
	$(CC) -I$(KIPIMO)include -c $< -o $@
```

`MAKEFILE_LIST` ni orodha ya Makefile zote zilizokwisha kusomwa, na ya mwisho ndiyo inayosomwa sasa. Ndiyo maana mstari wa kwanza ukae juu kabisa, kabla ya `include` yoyote ya kwako, na utumie `:=`. Ukiweka `=` peke yake, hesabu inaahirishwa hadi kigeu kitakapotumika, na wakati huo wa mwisho kwenye orodha anaweza kuwa mwingine. Angalia pia kwamba `dir` inaacha mkwaju (`/`) mwishoni, kwa hiyo huongezi mwingine kabla ya src.

Jina la kigeu nalo lina kesi yake. Zamani nilikuwa naandika `HAPA` kwenye kila Makefile, nikijiona mjanja. Tukawa na vipande viwili, vyote vina `HAPA`, vyote vina heda iitwayo mipangilio.h. Kipande cha kwanza kikawa kinakompailiwa kwa heda ya kipande cha pili, bila kosa lolote kwenye skrini, na asubuhi nzima ikaishia hapo. Sababu ni kwamba make inafungua vigeu vya malengo (mafaili yanayojengwa) na mahitaji palepale inaposoma, lakini mistari ya amri inafunguliwa baadaye, wakati wa kutekelezwa. Mahitaji yalishika `HAPA` ya kwanza. Amri ikakuta `HAPA` imeshabadilishwa na wa pili. Vigeu vya make ni vya wote, havina chumba cha faragha. Tangu siku hiyo kila kipande kinabeba jina lake, na ndani ya amri natumia `$<` na `$@` (hitaji la kwanza na lengo lenyewe) kila inapowezekana.

Njia kamili uliyoandika kwa mkono iondoe. Mbali na kumgomea mwenzako, gcc inaweka njia uliyoipa ndani ya `__FILE__` (jina la faili la chanzo ambalo programu inaweza kulibeba), kwa hiyo jina lako la mtumiaji linaweza kusafiri ndani ya programu hadi kwa mteja. Kama unalazimika kuwa na njia kamili, iache make iitengeneze kwa `$(abspath ...)`, kisha mpe gcc `-ffile-prefix-map` (ipo tangu toleo la 8) ili iifute.

Usichanganye `abspath` na `realpath`. Ya pili inarudisha patupu kama kitu hakipo. Sasa fikiria umeandika `JENGO := $(realpath jengo)`, folda ya jengo imeshafutwa, halafu kwenye lengo la clean, la kufuta vilivyojengwa, una `rm -rf $(JENGO)/*`. Kinachobaki ni `rm -rf /*`. Mimi iliniponza ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa na mashine yenyewe), nikapoteza kontena tu. Usiombe ikupate kwenye mashine ya kazi.

Muulize mwenzako folda yake inaitwaje. Kama ni "Kazi za Ofisi", mna tatizo la pili. Kwa make, nafasi ndiyo inayotenganisha maneno, na alama za kunukuu haziisaidii. Inazihesabu kama herufi nyingine tu. Njia kamili ikipita kwenye folda hiyo, `lastword` inabakisha kipande kinachoanzia `Ofisi/`. Nimeona watu wakihangaika kuliziba hili kwa mbinu za ajabu. Badilisheni jina la folda, mwende nyumbani mapema.

Jambo moja dogo, maana naamini utalijaribu: kuandika `cd $(KIPIMO)` kwenye mstari mmoja wa amri na gcc mstari unaofuata hakusaidii. Kila mstari unapewa sheli yake mpya (programu inayotekeleza amri, si ya petroli), na `cd` inakufa na sheli yake. Unganisha kwa `&&` kwenye mstari mmoja.

Ukimaliza kurekebisha, ongeza kwa muda `$(info KIPIMO=[$(KIPIMO)])`; mabano yatakuonyesha hata nafasi iliyojificha. Kisha endesha `make -n`, ambayo inaandika amri bila kuzitekeleza, mara tatu: ndani ya kipimo, kwenye mradi mkubwa, na ndani ya nakala ya mradi mkubwa uliyoipa jina jingine kabisa. Hiyo ya tatu ikipita bila kutaja /home, mpigie mwenzako avute mabadiliko.